Ufunguo Unalala Wapi

Leseni ilitoka Jumanne, na mihuri yake yote,
miezi saba baada ya vijana wawili kuingia dukani,
wakaniita mathe, wakaniambia pole,
wakabeba mauzo ya siku.
Nauza vyuma Kariobangi. Misumari kwa kilo.
Nimezoea kupima kitu kabla sijakilipia,
nikasema mwalimu naye atapanda mizani.

Wa kwanza alikuwa Kilimani, ghorofa ya sita.
Kahawa ya bure. Picha yake ukutani
akiruka kutoka kwenye gari linalowaka.
Saa nne tu, akasema, na cheti unatoka nacho leo.
Akachomoa bastola yake kabla hajaniuliza jina.
Alipoirudisha kiunoni
mtutu ulipita juu ya goti langu,
ukapita juu ya tumbo la msichana wa chai,
na hakuna aliyeona
ila mimi na yule msichana.
Nilishuka kwa ngazi. Lifti niliona inachelewa.

Wengine niliwapigia simu.
Mmoja aliniita madam mara kumi na moja
akanisifia bastola ya rangi ya waridi.
Mwingine nilimuuliza kama sheria imo katika masomo.
Akacheka: "Sheria utaikuta kortini."
Bei yake ilikuwa nzuri, sikatai.

Ni Otiato, fundi wangu wa kuchomelea,
aliyenitajia Bi Cherotich wa Utawala,
sajini mstaafu, nyuma ya ghala la mbolea.
Hakuna bango. Viti sita vya plastiki,
sanduku la huduma ya kwanza, bandeji zikionekana zimewahi kuguswa.
Mezani, daftari na kikombe.
"Nyumbani unaishi na nani?"
Na Muuo, nikasema. Miaka tisa.
"Anajua nini, huyo Muuo?"
Nikaanza kucheka. Muuo! Zawadi yake ya Krismasi
aliifukua kwenye gunia la mchele mwezi wa kumi.
Funguo za nyumba anazijua kwa mlio,
macho yamefumbwa, kila mmoja na mlango wake.
Hakucheka.
"Basi ufunguo wa kasha utalala wapi?"
Jibu la wezi nilikuwa nalo.
La Muuo sikuwa nalo.

Nami nikamuuliza langu:
umewahi kumkataa mtu?
Akahesabu kwa vidole, vidole vikaisha.
"Mmoja alilipa yote mkononi," akasema,
"na maswali yake yote yalimhusu mkewe."
Kisha akanyamaza, akafunika kikombe kwa sosa.
"Pesa zako bado. Rudi Jumamosi."

Jumamosi mbili nzima, mikono mitupu.
Tulisoma kifungu kwa kifungu, kama watoto wa madrasa,
mimi na daktari wa meno na mzee mmoja wa petroli.
Tulifanya zoezi la kutoa mkoba:
nyoosha mkono, achia,
rudi nyuma hatua mbili, uishi.
Mzee alilalamika, hakuja kujifunza kushindwa.
Akarudishwa hatua mbili, tena, tena,
mpaka jasho likamtoka na mdomo ukafunga.

Jumamosi ya tatu, uwanjani,
mkono ulishtuka kama umeumwa na siafu.
Baruti ilinukia kama karakana ya Otiato.
Kati ya risasi ishirini nilipata kumi na sita,
nikageuka nisifiwe.
Bi Cherotich hakuitazama karatasi.
Alikuwa akitazama kidole changu,
mahali kilipopumzika
baada ya kishindo.
"Tena," akasema.

Bado sijafuzu. Watu dukani wananiuliza
mbona kozi haiishi, wakati binamu ya fulani
alimaliza kabla ya chakula cha mchana.
Napima misumari. Nasema karibu.

Ufunguo sasa unalala shingoni mwangu,
kwenye uzi mweusi, chini ya nguo ya kulalia.
Nilijiona nimelipata jibu.
Jana usiku Muuo, akinywa maziwa yake,
macho kwenye kikombe:
"Mkufu gani huo, mama,
usiovaliwa kanisani?"